Fundi wa Mizani

Barua ya kuniachisha kazi ilikuwa na mistari sita,
na jina langu, Simiyu, wameliandika Simuyi.
Miaka kumi na mmoja walinilipa
nisikosee hata gramu.

Nilirudisha koti, beji, ufunguo wa stoo.
Nilipofika Kayole nikakuta mfukoni
jiwe la shaba la gramu mia mbili,
limejificha kati ya leso na sarafu.
Sikulirudisha. Basi, nimeungama.

Mwezi wa kwanza nilivaa tai.
Niliacha bahasha Lunga Lunga, Likoni Road, Baba Dogo;
mabawabu wakazipanga juu ya bahasha nyingine
zilizokwisha kupauka kwa jua.
Kufikia mwezi wa tano
tai ilikuwa kamba ya kufungia mlango wa kabati.
Nanjala hakusema neno. Alipunguza tu sukari,
kijiko, nusu kijiko, ncha ya kijiko,
nami, fundi, nikawa naipima kwa ulimi.

Kwamboka, muuza chai wa lango letu la zamani,
ndiye aliyenipigia kelele ng'ambo ya barabara:
"Wewe wa mizani! Umekimbia deni langu?"
Shilingi mia tatu na arobaini.
Nikamwambia sina.
Akafungua daftari lake lenye madoa ya mafuta,
ukurasa baada ya ukurasa wa watu:
wafagiaji, madereva, karani wa bima,
hata meneja mmoja, mandazi manne, tangu Januari.
"Hawa wote nawadai. Waendee mmoja mmoja.
Sema Kwamboka amesema,
asiye na pesa alipe kwa jina la mtu."

Nikaanza kutembea majina.
Mutiso wa kiwanda cha rangi akanipa Halima wa bima.
Halima hakuwepo mara nne.
Mara ya tano alishuka ngazi na ndara miguuni,
akacheka, "Kumbe wewe huchoki?"
Nilikuwa nimechoka. Akanipa Odera.

Odera nilimkuta amefariki, siku mbili tu.
Ningeondokaje?
Nikakaa matangani Umoja, nikasugua sufuria,
nikabeba viti. Usiku shemeji yake akaniuliza,
"Wewe ni nani wake?"
Nikakosa jibu, nikamwonyesha jiwe.

Akeyo, muuguzi, akaligeuza kiganjani.
"Kliniki yetu Dandora ina mizani ya watoto," akasema.
"Akina mama wananung'unika kwamba inadanganya."

Jumatatu msimamizi alisema hakuna bajeti.
Jumatatu iliyofuata alisema
nilikwisha kukuambia hakuna bajeti.
Ya tatu hakusema kitu, alikuwa kwenye simu,
nami nikaliweka jiwe langu pale
wanapolazwa watoto, juu ya kitambaa cha maua.

Mia mbili na ishirini.

Akeyo akashika ukingo wa meza.
"Jana tumemruhusu mtoto njiti aende nyumbani," akasema,
"kwa sababu ya gramu kumi na tano."
Msimamizi akakata simu.
Mtoto aliitwa arudi jioni ile ile.

Sasa nina kliniki ishirini na tisa,
begi la bisibisi, na viatu vilivyotiwa soli mara mbili.
Mshahara ni mdogo kuliko wa kiwanda,
nisikudanganye, hiyo si tabia yangu.
Lakini kule nilipima unga,
na unga haujawahi kunipiga teke la mkono.
Sina ushairi, mizani niijuayo ni ya chuma,
ila kuna kimya fulani,
mama anapongoja namba itulie,
ambacho ningekisikiliza hata bila malipo.
(Nanjala asisome hapo.)

Deni la Kwamboka nimepeleka mwisho wa mwezi.
Alihesabu mia tatu na arobaini, noti kwa noti,
kisha akanirudishia ishirini.
"Hizi ziache daftarini," akasema.
"Kuna kijana wa stoo ameachishwa jana.
Nitamtuma kwako akadai."